Konokono ni ripita

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu wa mwisho alikuja kukaa kwangu hapa Nyegezi, anasomea uuguzi na mitihani ilikuwa imekaribia, hosteli kwao kelele nyingi hasomi vizuri. Sasa usiku mmoja umeme umekatika, tumekaa barazani na taa ya kuchaji, yeye anapitia noti zake mi nipo tu na simu, akaniuliza kaka hivi transmisheni kwa Kiswahili tunasemaje? Nikajibu hata sijafikiria, kurusha. Maana ndo kazi yangu, huu mwaka wa kumi na moja mi ni fundi wa minara ya simu, hilo neno nalisikia toka asubuhi mpaka narudi nyumbani. Akaniangalia akasema, "Sasa kaka nikiandika mbu anarusha malaria si nafeli?"

Nikanyamaza. Tulikaa pale mpaka saa saba usiku, umeme ulisharudi zamani na sisi bado tunabishana, na toka siku hiyo hii kitu haijatoka kichwani kwangu ndo maana naiandika.

Neno lenyewe asili yake Kilatini, maana yake kutuma kitu kivuke kiende upande wa pili, basi. Waingereza wakalichukua wakalitumia kwa kila kinachotoka hapa kwenda pale. Sisi neno moja la hivyo hatuna, tuna rundo. Ugonjwa unaambukizwa. Matangazo yanarushwa. Sura na damu unarithishwa. Umeme unasafirishwa, zile nguzo kubwa za chuma unazoziona zinapita juu ya mashamba ya pamba. Taarifa kwenye neva inapitishwa. Habari inasambazwa, uvumi unaenezwa, na ukienda gereji pale Mabatini ukitaja transmisheni fundi anainama moja kwa moja kwenye giaboksi. Mwanzoni nilidhani ni upungufu wa lugha yetu, yaani tumeshindwa kupata neno moja la kisayansi, lakini kadri tulivyobishana nikaona ni kinyume kabisa, kila kitenzi hapo kimeshika jambo ambalo lile neno moja linalifunika.

Nianze na kurusha maana ndo naijua.

Kazini kwetu kuna watu wa redio na watu wa transmisheni. Redio ni zile antena ndefu zinazoongea na simu yako. Transmisheni ni yale madishi ya duara yanayobeba mzigo wote toka mnara huu mpaka mwingine mpaka ufike kwenye mkongo, ile kebo kuu ya mawasiliano, mi nipo upande huo. Na Mwanza kwa hii kazi ni mji wa ajabu kwa sababu ya mawe. Majabali yanakupa urefu wa bure, unapandisha mnara mfupi tu juu ya kilima na unaona mbali, lakini jabali hilo hilo likikaa katikati limekukata, maana madishi mawili lazima yaonane. Mawimbi ya linki, yaani ile njia ya dishi na dishi, hayapindi kona. Ndo maana kuna mitaa ipo karibu kabisa na mnara na simu haishiki, mtu analalamika mnara huu hapa nauona, kumbe anaona ncha tu.

Na linki ya kwenda visiwani ni ngumu zaidi, inapita juu ya maji, na maji yakiwa yametulia yanakuwa kama kioo, sehemu ya wimbi inapiga ziwa inaruka inafika kwa dishi ikiwa imechelewa kidogo, ile iliyonyooka na ile iliyoruka zikikutana vibaya zinauana. Unakuta jioni ziwa shwari, mtandao unakufa kisiwa kizima. Dawa yake mara nyingi unaweka madishi mawili kwenye mnara mmoja, moja juu moja chini, huyu akipoteza yule anashika.

Sasa kurusha kuna tabia moja. Ukirusha kitu kinapungua njiani. Mawimbi yakitawanyika hewani, ukienda umbali mara mbili nguvu inabaki robo, ukienda mara tatu inabaki moja ya tisa. Na aliyepokea amepokea, hadithi imeishia hapo. Redio ya babu pale Sengerema ikishika matangazo haianzi kuyarusha kwa jirani. Mwaka 1948 Mmarekani mmoja, Claude Shannon, alitoa maandishi ambayo sisi wote wa hizi kazi tunaishi humo, akachora mchoro mwepesi: chanzo, mtambo wa kurusha, njia, kelele inayoingilia njiani, mtambo wa kupokea, halafu anayekusudiwa. Akasema wazi kwamba maana ya ujumbe haimuhusu mhandisi, kazi yake ni kuhakikisha kilichotoka ndo kilichofika. Nimeuona huo mchoro mara nyingi sana na sikuwahi kuona kitu ambacho mdogo wangu alikiona dakika moja tu nilipomchorea nyuma ya daftari lake. Akaweka kidole kwenye kisanduku cha mwisho akasema kwetu hapa hapaishii, kwetu hapa ndo panaanzia.

Hiyo ndo kuambukiza. Aliyepokea anakuwa mtumaji. Na haipungui kwa umbali, mtu wa mia kwenye mnyororo anaweza kuumwa sawasawa na wa kwanza, ugonjwa unasafiri toka Mwanza mpaka Bukoba ndani ya mtu mmoja kwenye kiti cha basi na unafika na nguvu zake zote kwa sababu njia nzima ulikuwa unajizalisha. Hakuna mtambo wangu wowote unaofanya hivyo.

Hapa inabidi nimtaje mjomba, kaka yake mama. Mjomba alivua dagaa zaidi ya miaka 20, Ukerewe na visiwa vya kule, mtu mwenye mwili, mwenye sauti, anaimba usiku kucha kwenye taa. Baadaye tumbo likaanza kujaa, miguu inakonda tumbo linakua, halafu akatapika damu. Alipelekwa sehemu ya kwanza akaambiwa vidonda vya tumbo, akapewa dawa, akarudi ziwani. Akatapika tena. Ilikuja kujulikana baadaye sana ni kichocho, kile cha tumbo, kimekaa miaka na miaka kimeharibu njia za damu kwenye ini mpaka damu inatafuta pa kupita inavimbisha mishipa ya koo la chakula, siku ikipasuka ndo hiyo. Mara ya tatu hatukuwahi. Mimi wakati ule sikujua chochote, nilikuwa najua kichocho ni kukojoa damu tu, ugonjwa wa watoto wanaooga madimbwini, na bado nakutana na watu wazima hapa mjini wanaojua hivyo hivyo. Kuna viwili. Cha mkojo kinatoka zaidi kwenye madimbwi na majaruba huko bara, cha tumbo ndo cha ziwa letu.

Usiku ule mdogo wangu akanieleza mzunguko wake wote, na mimi nikawa namsikiliza kama mtu anayesomewa ramani ya mtandao. Minyoo dume na jike wanakaa wameshikana kwenye mishipa ya damu ya utumbo, wanaweza kukaa miaka mingi, kila siku wanataga mayai mamia. Mayai mengine yanatoboa yanatoka na choo. Mengine yanapotea njia, yanapelekwa na damu mpaka ini, yanakwama huko, na hayo yaliyokwama ndo yanayoua. Mjomba wangu aliuliwa na barua ambazo hazikufika. Yale yaliyotoka, mtu akijisaidia ufukweni au mvua ikisomba, yakigusa maji ya ziwa yanapasuka, kinatoka kidudu kinachoogelea na kina saa chache tu za kuishi, kinamtafuta konokono. Na si konokono yeyote, ni yule mdogo bapa aliyejiviringa kama kamba iliyokunjwa, wanamwita Biomphalaria, anakaa kwenye majani na matope pembeni ya maji tulivu. Kikimpata kinaingia, zinapita wiki nne, tano, sita hivi, halafu konokono anaanza kuachia vidudu vya aina nyingine vyenye mkia uliogawanyika, maelfu kwa maelfu, vyote vimetokana na kile kimoja kilichoingia. Hivyo ndo vinavyotoboa ngozi yako ukiwa umesimama kwenye maji unafua, dakika chache tu.

Nikamwambia simama hapo hapo. Huyo konokono ni ripita.

Nieleze kwa ambaye hajui. Zamani kwenye redio upepo, zile za polisi na za mahospitali, ukitaka kuongea na mtu aliye nyuma ya mlima unaweka mtambo juu ya mlima unaopokea sauti dhaifu unaiongezea nguvu unairusha upya. Na haurushi kwa masafa yale yale uliyopokea, ungejiziba mwenyewe, unapokea kwa masafa haya unarusha kwa mengine. Sasa angalia konokono. Kilichotoka kwa mtu hakiwezi kumwingia mtu, kinaweza kumwingia konokono tu. Kilichotoka kwa konokono hakiwezi kumwingia konokono mwingine, kinaingia kwa mtu. Masafa mawili tofauti kabisa! Na kimeingia kimoja vimetoka maelfu. Nilisimama pale barazani nikawa natembea huku na huku, mdogo wangu anasema kaka kaa chini.

Na ripita ndo kitu kigumu kukijua kama huoni. Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona hawa minyoo Cairo mwaka 1851, kwenye maiti. Mtumaji kajulikana, mpokeaji kajulikana, lakini hakuna aliyejua kinavukaje. Ikapita miaka zaidi ya 60. Mjapani Miyairi ndo alikuja kuonyesha konokono mwaka 1913 kwa kichocho cha kwao, na Muingereza Leiper akathibitisha kwa vile vya Misri mwaka 1915. Watu walikuwa wamekaa na ncha mbili za mstari hawana katikati yake. Mimi nimeshawahi kuzunguka siku tatu natafuta tatizo la linki, ncha zote mbili nzima, kumbe ni kituo cha katikati ambacho kwenye ramani ya zamani hakikuchorwa, kwahiyo naelewa kidogo walivyohangaika.

Kuna kitu kingine kwenye kichocho ambacho watu wengi hawakijui na kingefaa kijulikane, minyoo haiongezeki ndani ya mwili. Wanataga, lakini mayai hayageuki minyoo humo humo, lazima yatoke yapite kwa konokono. Kila mnyoo uliyenaye aliingia peke yake kupitia ngozi. Maana yake mtu anayeumwa sana ni mtu aliyerudi majini mara nyingi sana, yaani mvuvi, mama anayefua, mtoto. Vidonge vya prazikwanteli wanavyopewa watoto shuleni, wanapimwa urefu kwa ile fimbo halafu wanakula kwanza ndo wanameza, vinaua minyoo wakubwa, lakini wale wachanga walioingia juzi vinawakosa, na kesho ukirudi ziwani unaanza upya. Dawa inamsafisha mpokeaji, ripita bado iko hewani.

Kurithisha nayo. Hii ndo iliyonikamata zaidi kwa upande wa ufundi. Mnakumbuka TV za analojia kabla hawajaanza kuzizima mwishoni mwa 2012, picha ilikuwa inafika na chenga, ukiwa mbali chenga nyingi. Analojia ukiipitisha kwenye vituo kumi, kila kituo kinakuza picha kinakuza na kelele humo humo, mwisho unaangalia mvua. Dijitali ni tofauti, kila kituo kinasoma upya, hii ni moja hii ni sifuri, kinaandika nakala safi kinatuma. Ndo maana dijitali ni safi au haipo kabisa. Sasa mdogo wangu ananiambia DNA ni herufi, nne tu, bilioni tatu hivi kwa seti moja, na mwili ukinakili unahakiki na kurekebisha mpaka makosa yanabaki machache mno. Nikamwambia hiyo ni dijitali basi, na ripita yake ni mzazi. Ndo maana pua ya bibi mzaa babu inaweza kutokea kwa mjukuu bila chenga.

Lakini kosa likishapita nalo linanakiliwa kwa uaminifu ule ule. Sikoseli ni herufi moja. Moja tu kwenye jeni ya damu, A imekuwa T, na protini nzima inabadilika tabia. Huku kanda ya ziwa hakuna mtaa usiojua watoto hawa, maumivu ya mifupa usiku, macho ya njano, kuongezewa damu. Baba na mama wote wamebeba herufi moja hawaumwi, na kila mimba wanayopata ina nafasi moja kati ya nne mtoto apate mbili. Kwa nini herufi mbaya hivi imebaki na imejaa kwetu? Kwa sababu aliyebeba moja anakingwa na malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha hilo mwaka 1954 kwa damu za watu wa huku kwetu Afrika Mashariki. Yaani mbu ndo amechagua tunachorithishana. Kuambukiza kumeshika kalamu ya kurithisha, na Kiingereza kinaziita zote mbili kwa jina moja bila kusema kwamba moja imekuwa ikiiandika nyingine maelfu ya miaka. Hapo tulikaa kimya wote wawili kidogo.

Ya neva nitapita haraka. Umeme unakuja mpaka mwisho wa neva unakuta pengo dogo mno, hauvuki, inabidi kemikali ndo ivuke halafu ng'ambo umeme uanze tena. Otto Loewi alilionyesha mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura, akachukua maji yaliyozunguka moyo mmoja akauwekea wa pili, nao ukapunguza mapigo. Ni Kigongo na Busisi ya zamani, gari inakuja na lami inasimama, inapanda pantoni, inashuka inaendelea. Na kuna neva chache zilizounganishwa moja kwa moja umeme unapita tu, hizo ni kama sasa baada ya daraja kufunguliwa 2025.

Kuna jambo la hapa hapa Mwanza ambalo nilikuwa sijui na nikaona aibu kutolijua. Mwanzoni mwa miaka ya 90 ulifanyika utafiti vijijini mkoani kwetu, jamii 12, nusu yao wakaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa ya kawaida, kisonono, kaswende na kadhalika, kwenye zahanati zao zile zile. Matokeo yakatoka 1995, maambukizi mapya ya Ukimwi kwenye jamii zile yalikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi kuliko zile nyingine. Hawakugusa kirusi chenyewe. Waliziba njia, maana kidonda ni mlango. Sisi tungesema waliharibu chaneli. Dunia nzima ilisoma kuhusu Mwanza na mimi niliyezaliwa hapa nimekuja kuambiwa na mdogo wangu kwenye baraza.

Sasa kilichobaki kinaniuma ni hiki. Tangazo la kichocho nimelisikia redioni toka mtoto, usioge ziwani, jisaidie chooni. Limerushwa vizuri, limefika, nyumba nzima tumelisikia, na mjomba alilisikia maana redio ilikuwa haimtoki begani. Likaishia pale pale kwa sababu lilirushwa, likapungua, likazimika. Mdudu anaambukizwa, ushauri unarushwa, wanakutanaje hawa? Na mtoto wa Kayenze ukimwambia usioge ziwani aoge wapi wakati bomba halijafika, hilo tangazo linamuomba kitu ambacho hana.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Kayenze kwa bibi. Mdogo wangu hakuhutubia mtu, alikaa na watoto wa pale nyumbani chini ya mwembe, akawachorea mavumbini, mtu, yai, konokono, mtu. Akawaambia vile vidudu vya mkia vinatoka kwa konokono jua likiwa kali, kuanzia kama saa nne mpaka saa nane mchana, kwahiyo asubuhi mapema ni afadhali ingawa si salama kabisa, na kwamba vikishatoka haviishi zaidi ya siku mbili, maji yakichotwa bila konokono yakakaa yamefunikwa siku mbili kamili vinakuwa vimekufa, hapo unaoga bila wasiwasi. Halafu akawaambia kila mmoja akamweleze mmoja ambaye hayupo hapo, na huyo naye amweleze mwingine, na wamletee majina. Mtoto wa jirani, wa miaka tisa hivi, akaenda moja kwa moja kwa bibi jikoni. Nilimsikia anamwambia, "Bibi, konokono hana kosa, sisi ndo tunampelekea." Bibi akamuuliza siku mbili kuanzia lini, kuanzia kuchota au kuanzia kulala? Mtoto akarudi mbio kuuliza.

Jana nimepita Kayenze nikitokea kazini kumpelekea bibi sukari. Nyuma ya nyumba nimekuta mapipa matatu yamefunikwa, zamani lilikuwa moja, na kwenye kila pipa kuna alama ya mkaa. Nikamuuliza bibi hizi nini, akasema hili la leo, hili la jana, hili la kuogea. Na kwa jirani nimeona mawili.